Kangomba yahamia kwenye namba za simu

Msimu ukifika, mkulima wa Nachingwea na Ruangwa hupeleka korosho au ufuta wake AMCOS. Mzigo hupimwa, huingia ghalani, na stakabadhi huandikwa. Hata kilo moja haitoki bila karatasi. Mnada ukiisha, fedha huingia kwenye akaunti yake.

Lakini juu ya meza hiyo hiyo mkulima huacha mali nyingine isiyo na stakabadhi: jina kamili, namba ya simu, namba ya akaunti na kilo alizouza. Mali hiyo nayo ina bei, na wanunuzi wake hawaonekani mnadani.

Bei hiyo inatoka wapi? Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2024 ilipata zaidi ya dola bilioni 160 kutokana na matangazo, karibu mapato yake yote. Mtangazaji anaweza kupakia orodha ya namba za simu. Mtambo huzilinganisha na za watumiaji wake, kisha tangazo huwatokea hao hao. Anaweza pia kuomba atafutiwe wengine wanaofanana nao. Kwa muuza pikipiki, mabati au mikopo, orodha ya wakulima waliolipwa wiki hii ni bora kuliko bango la barabarani.

Watu wa Kusini wanaijua kangomba. Mnunuzi humfuata mkulima nyumbani wakati wa shida na kuchukua korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijafika ghalani. Mtaji wa kwanza wa kangomba ni habari: nani ana shida, na lini. Orodha ya AMCOS ikivuja, habari hiyo inapatikana bila kuzunguka vijijini.

Hatari yake imekwishaonekana kwenye mikopo ya simu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni wala kibali, na faragha ya wateja ilikuwa miongoni mwa kasoro zilizotajwa. Wakopaji walilalamika kuwa programu za aina hiyo zilisoma majina yote kwenye simu. Rejesho likichelewa, shemeji na mwajiri walitumiwa ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Inampa mwananchi haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini inafika shilingi bilioni 5.

Wapo wafanyabiashara wanaodhani mambo haya ni ya makampuni makubwa tu. Kenya inawakosoa. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data huko aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride faini ya KSh 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Wakati huo huo ukumbi wa starehe, Casa Vera, ulitozwa KSh 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila idhini yake.

Tangazo lenye shabaha lenyewe halina ubaya. Mwenye duka dogo huokoa fedha akiwafikia wanaohitaji bidhaa zake tu. Ubaya uko kwenye orodha ya magendo. Anayetaka namba za wateja aziombe dukani kwake, aeleze ni za nini, na anayekataa aachwe.

AMCOS na chama kikuu cha RUNALI, kwa upande wao, wazitunze orodha za wakulima kama wanavyotunza korosho: ghala moja, mtunza funguo anayejulikana, na hakuna kinachotoka bila saini ya mwenye mali. Mwenye hisa za benki au kampuni ya simu naye aulize kwenye mkutano mkuu taarifa za wateja zinatunzwaje, kwa sababu faini ikija italipwa kabla ya gawio.

Mkulima amepigania miaka mingi mizani isiyopunja. Ni hasara akipunjwa sasa kwenye kitu ambacho hakikuwekwa kwenye mizani kabisa.