Majina ya Viungo vya Ndege ya Rimoti

Kijana akitunukiwa ndege ndogo iongozwayo kwa rimoti, na ajue kwanza majina ya viungo vyake. Usukani ni kibao cha wima mkiani. Huielekeza pua kushoto au kulia, kama ule wa jahazi. Eleveta, kibao cha mlalo mkiani, huinua pua au kuiinamisha. Eleroni, vibao viwili ukingoni mwa mabawa, huilaza ndege ubavu.

Mtihani huja ndege inapomrudia mrushaji: kulia kwake huwa kushoto kwa ndege, akababaika, ikaanguka. Dawa ni nyepesi: asukume kifimbo cha eleroni upande anaoona bawa limeshuka, nayo itasawazika. Wala asiirushe juu ya vichwa vya watu. Atafute uwanja mtupu.