Mkono wa Mkandaji na Mpaka Wake



Mama zetu wengi wa Mji wa Kale hawalalamikii maradhi makubwa. Hulalamikia goti, kiuno na bega. Nyumba zetu za ghorofa zina ngazi za mbao zilizo wima, na kwa mwenye goti lililokaza, kushuka hadi barazani ni safari. Wapo wanaoswali kwenye kiti. Sheria imewaruhusu, alhamdulillahi, lakini ruhusa hiyo haimzuii mtu kutafuta dawa.

Kukanda ni dawa. Mkono wa mjuzi hulegeza msuli uliokaza, hupunguza maumivu, na kiungo hupata nafasi ya kukunjuka. Nafuu hiyo haidumu mgonjwa akirudi kulala tu. Ndiyo maana wataalamu wa viungo, kama wale wa Hospitali Kuu ya Pwani hapa kisiwani, humfunza pia mazoezi ya nyumbani ya kila siku. (Nasi mafuta ya uto twayapenda kuliko mazoezi.)

Wakandaji wetu wa kike nawaheshimu. Wamewahudumia kwa sitara wake zetu na binti zetu. Nawausia jambo moja. Mzazi aliye ndani ya arubaini, shafu la mguu wake mmoja likivimba, likawa na moto na kuuma, asikandwe, si kwa mafuta wala kwa maji moto. Huenda damu imeganda mshipani, na kuichua kwaweza kuisukuma hadi mapafuni, akafa. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Akikosekana daktari wa kike, amtazame wa kiume, dharura imeruhusu.