Kucha za Mbwa Mlinzi

Najua wako watakaocheka wakiona kichwa cha maneno haya, wakisema kwamba mbwa hahitaji kinyozi. Ni kweli, mbwa afuataye ng'ombe mchana kutwa juu ya changarawe hujisugua kucha mwenyewe. Lakini hawa tuwafungao mnyororo mchana ili walinde usiku, kucha zao hukua tu.

Mbwa wangu alianza kuchechemea. Nilimtafuta mwiba siku mbili, nisiuone, nikamwita mvivu. Siku ya tatu nikatazama ule ukucha wa kando, ambao hukaa juu mguuni wala haugusi ardhi. Ulikuwa umejikunja kama pembe ya kondoo dume na kuingia nyamani, na usaha umekwisha anza. Niliona haya. Mnyama alikuwa akilinda kuku wangu hali anaumia, nami namgombeza. Ukucha wa namna hiyo usiuguse; mpeleke kwa daktari wa mifugo, kama nilivyofanya mimi.

Kucha nyingine zaweza kukatwa nyumbani. Ukizisikia zikigonga simiti atembeapo, ni ndefu. Ndani ya ukucha mna nyama laini yenye damu, na hiyo huuma sana ikikatwa. Katika ukucha mweupe utaiona kwa wekundu wake. Shida ni kucha nyeusi, nazo ndizo walizo nazo mbwa wetu wengi. Hapo kata vipande vyembamba sana, ukitazama kila mara mahali ulipokata. Litokeapo doa katikati, acha hapo hapo. Tumia mkasi mkali, kwa maana mkasi butu huuponda ukucha badala ya kuukata. Tupa laini ni salama zaidi, ingawa yataka subira. Wembe na panga, hapana.

Usimvamie. Mbwa aliyekamatwa kwa nguvu na watu wanne hatakuruhusu tena. Kwa juma zima mzoeze kushikwa miguu, ukimpa kipande cha nyama, kisha kata kucha mbili tatu, nyingine kesho. Kama zimeachwa muda mrefu, punguza kidogo kila baada ya juma moja au mawili, na ile nyama ya ndani itarudi nyuma polepole.

Damu ikitoka, bandika unga mkavu wa ngano au wa mahindi, ukandamize kwa kitambaa safi dakika 5 bila kuchungulia. Isipokoma, tafuta daktari.

Naye akikuuma, hata kama ni mbwa wako mwenyewe na ngozi imechubuka kidogo tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ikiwa hajachanjwa mwaka huu, achanjwe kwanza. Kucha zaweza kungoja.