Hodi isiyojibiwa hubishwa tena

Juzi shangazi yangu, ambaye huuza mboga mtaani Kayole, alinijia akiwa amekunja uso. "Mwanangu, hii simu yenu imenila," akaniambia. Alikuwa akimtumia mwenye lori la viazi shilingi 6,000 kupitia programu moja ya malipo. Akabonyeza kitufe, skrini ikanyamaza kimya. Akangoja weee, asione dalili yoyote, akabonyeza tena. Pesa zikaenda mara mbili! Bahati nzuri mwenye lori ni muungwana, akazirudisha, ila baada ya siku nne. Siku zote hizo kibanda kilikuwa nusu tupu.

Wapo watakaosema kwamba shangazi alikosa subira. Mimi nasema kosa ni la aliyeibuni skrini ile. Abishaye hodi asijibiwe, hubisha tena.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mnamo 1985 Brad Myers, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Toronto, Kanada, alionyesha kwamba watu hupendelea kompyuta inayowajulisha kazi imefika wapi, mathalani kwa mstari unaojaa kidogo kidogo. Naye Jakob Nielsen akaeleza mwaka wa 1993 kwamba jibu likija katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huliona limekuja papo hapo. Ikipita sekunde moja, huanza kuhisi anangojeshwa. Zikipita sekunde 10, mawazo yake huhamia kwingine.

Kwa hivyo kile kijiduara kinachozunguka si pambo. Ni sawa na mwenye duka anayekwambia, "Nimekusikia, ngoja kidogo." Hata hivyo, penye pesa hakitoshi. Kitufe kifungwe mara tu kinapobonyezwa, na maandishi yaseme: "Pesa zinatumwa, usibonyeze tena." Na mtandao ukikatika, mtu aambiwe. Kijiduara kinachozidi kuzunguka ilhali kazi imekwama ni uongo mtupu.

La pili ni alama za menyu. Programu ile ilikuwa na orodha ya malipo ambayo ingemwonyesha shangazi kuwa pesa zilikwisha kwenda, lakini ilifichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni. "Hivyo? Nilidhani ni marembo tu," akasema. Vistari hivyo vilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka wa 1981. Simu zilipokuja vikapata umaarufu kwa kuwa havili nafasi. Lakini alama ambayo mtu hajafunzwa haimwambii kitu. Dawa yake ni rahisi: liandikwe neno "Malipo" chini yake. Tena kitufe kitoshe kidole. Google huwashauri watengenezaji wa programu za Android wasikipunguze chini ya takriban milimita 9.

Nanyi wanafunzi mnaosomea kompyuta, kabla ya kutoa programu yenu, mpeni shangazi au nyanya simu, kisha mnyamaze. Tazameni kidole chake kinasita wapi. Hapo ndipo penye kazi yenu.

Shangazi naye amejifunza. Siku hizi skrini ikinyamaza, hufungua vile vistari vitatu kwanza, akahakikisha, ndipo aamue kama atabonyeza tena.