Korongo wa Karatasi kwa Walinda Amani Wetu

Ndugu wa Afrika Mashariki tunaoishi Al Sadd, nina ombi kwenu, hasa wazazi na ninyi vijana mnaosoma hapa Doha. Kuanzia Ijumaa hii tukae na watoto, tukunje korongo wa karatasi na kuandika kadi za mkono za kuwashukuru wanajeshi wetu walio kwenye ulinzi wa amani. Ziwafikie kabla ya tarehe 29 Mei, Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani wa Umoja wa Mataifa.

Tunaishi katika mji wa upatanishi. Tarehe 19 Julai 2025, serikali ya Kongo na kundi la waasi la M23 walitia saini tamko la kanuni hapa hapa Doha. Lakini kabla watu hawajaketi mezani, wapo waliokesha miaka na miaka katika misitu ya Kivu. Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki katika eneo la Beni ilishambuliwa, wakauawa walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 na makumi wakajeruhiwa. Wakenya hawajasahau shambulio la kambi yao ya El Adde, Somalia, Januari 2016. Waganda waliingia Somalia mapema mwaka 2007, na tarehe 26 Mei 2023 walipoteza wanajeshi 54 kule Buulo Mareer. Somalia ilikuwa misheni ya Umoja wa Afrika, najua, ila siku moja ya shukrani inatutosha sote.

Watoto wetu hawayajui majina hayo. Mtoto wa mtaa huu atakutajia wachezaji wa Al Sadd mmoja mmoja, na Uwanja wa Jassim bin Hamad anaujua kama sebule yao, lakini Semuliki hajaisikia. Kosa si lake, hatukumsimulia. Mikono ikiwa na kazi, masikio hufunguka, na hapo ndipo pa kumsimulia.

Kwa nini korongo? Kwa sababu ya Sadako Sasaki, binti wa Hiroshima aliyekuwa na miaka 2 bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945. Alipougua saratani ya damu alikunja korongo kitandani hospitalini, hata kwa karatasi zilizofungiwa dawa, mpaka alipofariki Oktoba 1955. Na kwetu korongo si mgeni: yumo katikati ya bendera ya Uganda.

Chukua karatasi ya A4, lete kona moja hadi ukingo wa pili, kata kinachozidi, ubaki na mraba. Mikunjo ya mwanzo mtoto wa miaka saba anaiweza. Wengi hukwama pale tabaka la juu linapofunguliwa na kuvutwa hadi liwe umbo refu la almasi. Hapo mkubwa amshikie, asimnyang'anye. Kona zisipokutana vizuri tangu mwanzo, shingo itakuja kupinda, basi tusiwaharakishe. Na mabawa msiyafungue. Korongo aliyelala bapa anaingia kwenye bahasha bila kuvunjika, na atakayempokea atayavuta mabawa mwenyewe, akiwa kambini kwake.

Kadi ziandikwe kwa Kiswahili. Ndiyo lugha ya jeshi la Tanzania, na wanajeshi wa Kenya na Uganda wanaifahamu vilevile. Watoto wetu wanasoma kwa Kiingereza kutwa nzima, Kiswahili chao kinawatoka kwa shida. Makosa ya herufi yaachwe yalivyo. Tusiwaandikie maneno ya hotuba wayanakili. Mtoto akiandika, "Shikamoo mjomba, huku joto kali, huko mnakula nini?" hiyo ndiyo kadi. Aweke jina lake la kwanza na umri tu: asiweke anwani, shule, simu wala picha. Kadi nyingine tuwaandikie majeruhi, wajane na mayatima, maana wao husahaulika mapema zaidi.

Yupo atakayesema mwanajeshi analipwa mshahara. Daktari naye analipwa, na bado tunamwambia ahsante. Wengine wana machungu ya haki na wanajeshi walioletwa mitaani kukabili raia. Siwaombi muyameze. Kadi hii inamwendea aliyekesha akilinda kijiji cha watu asiowajua, na kumshukuru yeye hakumzuii mtu kudai haki nyumbani.

Tukutane majumbani, familia tatu au nne, Ijumaa baada ya sala na chakula. Tusichangishane hata riyali moja: sheria ya Qatar hairuhusu kukusanya michango bila kibali, na kwa kazi hii pesa haihitajiki. Karatasi za ofisini zilizoandikwa upande mmoja, mkasi na kalamu za rangi vinatosha. Tuwaalike pia kaka zetu wanaofanya kazi ya ulinzi na dada zetu wa kazi za nyumbani, siku wanapopata mapumziko. Wengi wao wamekua wakikunja boti za karatasi na kutengeneza vishada, mikono yao inakumbuka. Na mlinzi wa zamu ya usiku anajua kukesha lindoni kukoje. Huyo akiwaeleza watoto, wataelewa kuliko tukieleza sisi.

Tanzania, Kenya na Uganda zote zina balozi hapa Doha. Kila nchi itoe watu wawili wa kuandika barua mapema kuomba utaratibu wa kufikisha vifurushi makao makuu ya jeshi. Tusingoje Mei: mitihani itawabana watoto, na karatasi za serikali huenda taratibu. Mwenye sebule inayotosha watoto kumi aseme sasa, na mwenye jamaa ubalozini amuulize wiki hii barua iandikwe kwa nani.