Usiniulize lokesheni

Kila mwaka mvua ndefu ikianza, inboksi yangu inajaa swali moja: "Hapo ni wapi?" Nimeposti ua jekundu, mviringo kama mpira, limetoka kwenye udongo mtupu karibu bila jani. Wasee wanataka lokesheni. Jibu langu ni lile lile: Bondo. Bondo ni kubwa, zunguka.

Naitwa mchoyo. Sawa, lakini nisikilizeni kwanza.

Mwaka wa kwanza nilitoa lokesheni. Nilikuwa na simu mpya na njaa ya laiki. Chini ya mti mmoja mlimani nilihesabu maua kumi na moja. Picha ikaenda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Wikendi ileile watu wakafika na bodaboda. Mmoja alichuma akaweka sikioni. Mwingine alilibana kwa meno, na ua lenyewe ni sumu! Wengine walichimba mpaka chini wakapande nyumbani kwenye ndoo. Mvua ya mwaka uliofuata nikakuta mawili. Yale tisa sikuyachuma mimi, lakini ni mimi niliyewaonyesha njia.

Ua hili kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Muda mwingi wa mwaka limejificha ardhini kama kitunguu. Mvua ikinyesha linachomoza, na baada ya wiki moja au mbili limenyauka. Kile kichwa si ua moja, ni vijiua vingi vimeshikana, vinaweza kufika mia mbili. Ukikichuma, umechukua mbegu zake zote za mwaka huo kwa selfi moja. Halafu majani yanayokuja ndiyo yanayolisha kile kitunguu. Ukiyakanyaga, mwakani halina nguvu ya kuchanua.

Mtaniambia mbuzi, makaa na mashamba yanaharibu zaidi. Kweli, sikatai. Lakini anayelima anatafuta chakula. Sisi tunatafuta nini? Video ya sekunde kumi na tano. Na yule wa jembe hajajiita mpenda mazingira kwenye profaili yake. Sisi tumejiita.

Mtasema pia naficha uzuri wa kwetu, na Bondo inahitaji wageni. Hapo mna hoja, na hata mimi nawataka wageni. Waje Ziwa Kanyaboli, waje Got Ramogi, wamlipe kijana wa pale anayejua njia awaongoze. Huyo atakuonyesha maua na atakuambia usikanyage wapi. Lokesheni kwenye simu haitakuambia chochote, inakufikisha tu.

Na si sisi peke yetu. Mwaka 2019 huko Lake Elsinore, California, vilima vilifunikwa na maua ya rangi ya chungwa. Picha zikasambaa, watu wakamiminika kwa makumi ya maelfu, wengine wakalala juu ya maua ili wapigwe picha. Mji ukazidiwa. Maua yalipofurika tena 2023, wakafunga lile korongo kabisa, hata kwa wale wenye adabu. Wale walikuwa na vilima vizima. Mimi nilikuwa na mti mmoja.

Kama lazima uchume, teremka ufuoni. Gugu maji lina maua ya zambarau mazuri ajabu. Lilitoka Amerika Kusini, na miaka ya 1990 lilifunga Ghuba ya Winam mpaka boti zikashindwa kupita. Chuma hilo mpaka uchoke, hakuna atakayelia. Ila usilipeleke kwenye bwawa la mtu, linasambaa.

Kwa ua la mwitu, fanya hivi. Zima lokesheni kwenye kamera ya simu, maana huandikwa ndani ya picha yenyewe. Nenda asubuhi kukiwa na mawingu. Gusa ua kwenye skrini upunguze mwanga, la sivyo wekundu wote unakuwa doa moja. Simama kwenye njia, uvute picha badala ya kusogea. Ukilala chini, angalia kwanza unalalia nini. Na uliache lilipo, bana! Ua kwenye ndoo, hata gereji linapatikana.

Dani yangu hapigi picha. Akiliona husema tu, "Mvua imefika, leta jembe," halafu analizunguka. Amelizunguka tangu akiwa msichana, na ndiyo maana mimi nililikuta.

Mwaka huu nilihesabu manne. Mwakani nitaposti tena, na mtaniuliza tena. Ni Bondo.