Habari za Shule Si Vikombe Tu

Kila gazeti la shule litokapo, sisi wanafunzi hutafuta kwanza mambo mawili: nani wamefaulu mtihani, na kikombe cha mpira kimekwenda wapi. Si vibaya, mwenye bidii apewe sifa yake. Lakini iko kazi nyingine isiyopigiwa makofi.

Hapa Uganda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hata hivyo wako wanaokicheka bado, wakikiita lugha ya askari. Mwanafunzi asimamaye mbele ya wenzake akakisema, huku akichekwa, ushujaa wake si mdogo kuliko wa golikipa.

Basi naomba habari za shule zitaje pia midahalo ya Kiswahili. Kikombe hukaa kabatini kikashika vumbi. Lugha mtu huvuka nayo Busia kwenda Kenya, au Mutukula kwenda Tanzania, akasikilizana na jirani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi tuwatunze wetu.